Ndege wa Saa Nne Asubuhi

16 Februari

Kaka yangu Nukta,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila goti la kushoto kila nikipanda ngazi linalalamika kuliko mwenyewe. Cherehani zote mbili ziko salama. Jirani wa juu, yule mwenye mbwa, amehama, na sasa nalala kama binadamu. Wifi hajambo? Binti yetu na mchumba wake wameshakubaliana tarehe, au bado wanavutana?

Najua kabla hujajua kama niko hai au nimekufa utakuwa umeshazungushia makosa yangu kwa kalamu nyekundu. Zungushia tu. Mtu aliyekaa miaka ishirini na sita kwenye kiwanda cha uchapaji akisahihisha vitabu vya watu atamwachaje dada yake?

Sasa nikwambie jambo, na usicheke. Daktari amesema presha yangu haipendi kukaa. Nitembee kila asubuhi nusu saa, na akaongeza, "Kutembea, mama, si kwenda sokoni ukasimama kwa kila mtu." Basi nikaanza kwenda bustani ya nyuma ya hospitali. Siku ya tatu nikakuta watu sita wamesimama chini ya mti, vichwa juu, midomo wazi. Nikadhani kuna paka kakwama. Kumbe wanaangalia ndege! Mkubwa wao alikuwa anang'oa watu meno kabla hajastaafu, nasi tunamwita Daktari wa Meno. Akanipa darubini yake, na tangu siku hiyo sijakosa hata asubuhi moja.

Kaka, nimekaa mji huu miaka kumi na tisa nikijua ndege wa aina mbili: kunguru na wasio kunguru. Sasa nawajua kumi na wanne. Mji wako una mto unaopita katikati. Siku ya mapumziko nenda ukatazame, hata mara moja. Utakuja kunishukuru.

Wasalimie wote nyumbani.

Mdogo wako


9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole na goti. Sisi hatujambo. Harusi itakuwa mwezi wa nane. Mama yake ameshashika usukani, mimi kazi yangu ni kuitikia. Jana nimeitikia rangi ya maua ambayo mpaka sasa siijui.

Nimechelewa kujibu, kazi zimebana. Makosa yako safari hii ni kumi na moja, umejitahidi.

Ama hilo la ndege, sina la kusema. Mwanamke mzima, fundi wa kuheshimika, asubuhi yote umesimama na mng'oa meno mnatazama juu! Ndege ninaowafahamu mimi ni wale wanaokuja kwenye sahani, na hao hawahitaji darubini.

Hata hivyo, siku moja nilikuwa napita tu darajani. Chini kuna bomba la maji machafu linalomwaga mtoni. Juu ya bomba amekaa kidege, mgongo wa buluu ya kuumiza macho, kifua rangi ya kutu, mdomo mkubwa kuliko kichwa. Nikasema huyu naye kapotea njia. Ghafla akajitupa majini, pwaa, nikadhani kafa. Akaibuka na samaki, akampigapiga kwenye bomba kwanza huku, kisha kule, akammeza mzima mzima. Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Ni ndege gani yule? Andika, usinipigie. Simu unajua siipendi, haina pa kuweka nukta.

Kaka yako


20 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo tena. Nimefurahi kusikia ya mwezi wa nane. Mwambie binti gauni nitashona mimi, asithubutu kwenda dukani. Wifi anitumie vipimo, na avipime yeye. Wewe ukipima utanitumia urefu wa mkono mpaka nusu ya milimita na kiuno utasahau.

Huyo ni mdiria! Wa kwanza tu, na umepata mdiria! Mimi nimemsubiri wiki tano sijamwona hata manyoya. Daktari wa Meno nilipomsomea barua yako alisema, "Huyo kaka yako ana jicho." Kisha akauliza, "Siku gani? Saa ngapi? Mahali gani?" Nikageuza barua nyuma na mbele, akafunga daftari lake.

Hiyo ndiyo sheria ya kundi letu. Ndege asiye na siku, saa na mahali si ndege, ni umbea. Sheria ina sababu, na sababu ni mimi. Mwezi wangu wa kwanza nilitangaza kwa fahari kwamba kuna yangeyange, yule mweupe wa shingo ndefu, kila siku juu ya mti uleule ng'ambo ya bwawa. Wenzangu wakafurahi, mmoja akapiga hesabu za kiota. Siku ya ishirini na nne upepo ukavuma, yangeyange wangu akajaa hewa, akaruka kinyumenyume. Mfuko wa plastiki, kaka! Wakacheka mpaka bibi mmoja akaomba kukalishwa. Kama ningeandika saa, ningejua mapema kwamba hakuna ndege anayekaa tawi moja asubuhi, mchana na jioni.

Kwa hiyo ukiona tena, andika vizuri. Sheria kama hiyo itamfaa mtu kama wewe.

Dada yako, mwenye mfuko


27 Aprili

Mdogo wangu mwenye mfuko,

Marahaba. Mke wangu alinikuta nacheka peke yangu na barua yako mkononi, ikabidi nimsomee, naye akacheka mpaka akafuta machozi. Vipimo vya binti amevipima yeye mwenyewe, vimo humu ndani. Afya njema sote. Ofisini hakuna jipya.

Nimefuata sheria yenu. Nimenunua daftari dogo, naliweka mfuko wa shati. Haya:

Jumanne, 1 Aprili, saa 4:10 asubuhi, daraja la chuma. Mdiria, yule yule, bomba lile lile. Amejitupa mara tisa, amepata mara tatu.

Alhamisi, 10 Aprili, saa 3:45 asubuhi, chini ya ghala la mbao. Yangeyange saba. Wametembea, wamekula, wamegombana. Si mifuko.

Jumatatu, 14 Aprili, saa 8:20 mchana, penye ngazi za mawe. Ndege mweusi wa majini, nadhani ni mnandi, amesimama ametandaza mabawa yote mawili yakauke, kama mteja wako anayejaribu koti.

Jumatano, 23 Aprili, saa 5:00 kamili asubuhi, kizuizi cha maji. Korongo wa kijivu. Amesimama kwa mguu mmoja bila kusogea dakika hamsini na mbili, nimepima kwa saa. Kisha akanyoosha shingo mara moja tu, akapata. Huyu namheshimu.

Niambie kama nimekosea popote.

Kaka yako


6 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo. Vipimo nimevipata, kitambaa nimeshakata. Goti linaendelea vizuri. Hapa mvua imenyesha siku mbili mfululizo na bwawa la bustani limejaa.

Barua yako niliisoma mbele ya kundi, nikiwa nimevimba kichwa. Kaka yangu huyo! Nilipomaliza korongo walipiga makofi. Daktari wa Meno akasema, "Kazi safi. Amestaafu lini?" Nikamwambia hajastaafu, anafanya kazi kiwandani, Jumatatu mpaka Ijumaa, saa mbili hadi kumi na moja. Akanitazama, akatazama barua, akasema, "Aha." Kisha akarudisha darubini machoni.

Nilirudi nyumbani nikaisoma upya. Jumanne saa nne. Alhamisi saa tatu na dakika arobaini na tano. Jumatatu mchana. Kaka, mtu wa kazini hana dakika hamsini na mbili za kumpa korongo siku ya Jumatano.

Ningekuwa nimesoma harakaharaka nisingeona. Lakini wewe umeandika kila kitu, hata dakika. Huwezi kuandika kitu nusunusu, ndivyo ulivyoumbwa.

Una nini? Unaumwa? Nimekupigia mara nne, hupokei. Niandikie, tafadhali.

Mdogo wako


13 Mei

Dada,

Nilikuwa likizo. Mtu hana ruhusa ya kwenda likizo?

Barua zetu ni zetu. Sikukutuma ukawasomee wang'oa meno.

"Harakaharaka" unaandika vizuri siku hizi. Basi hapo ungeishia.

Kaka yako


20 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo. Umeandika barua bila kuulizia goti, bila salamu ya nyumbani. Tangu nijue kusoma hujawahi kuniandikia hivyo. Nisamehe kwa kuisoma mbele ya watu, nilikuwa naringa tu. Kosa ni langu.

Ila likizo gani ya kuanzia tarehe moja hadi ishirini na tatu, na yule mdiria wa mwezi wa tatu je?

Ningenyamaza, lakini jana wifi kanipigia. Ana furaha tele, gauni, ukumbi, maua. Halafu akasema, "Kadi za mwaliko nataka zichapwe pale pale kiwandani kwake. Miaka yote hiyo sijawahi kuomba kitu. Nitakwenda mwenyewe, nimshtukize, wenzake wanione." Nilishika simu kama niliyeshika kaa la moto. Nikamwambia asikimbilie, majina ya wageni hayajakamilika. Akasema sawa, atasubiri orodha iishe.

Sikumdanganya, kaka, lakini sikumwambia ninachokijua. Hapo katikati ni padogo sana, na mimi si mwembamba.

Kama kazi haipo, sema. Machoni pangu huwezi kuanguka.

Mdogo wako


15 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Goti lako linaendeleaje? Nimeandika barua hii mara tano na kuichana mara nne. Binti yuko salama. Mama yake anaimba jikoni tangu asubuhi mpaka jioni, na kila akiimba mimi natafuta sababu ya kutoka.

Kazi haipo. Haipo tangu tarehe 31 Januari.

Meneja aliniita, kijana mwenye adabu zake, akanipa kiti. Akaweka mezani nakala mbili za kitabu kimoja. Moja nimesahihisha mimi kwa siku nne. Nyingine imesahihishwa na mashine kwa dakika mbili. Nikaisoma ya mashine pale pale, nikamwonyesha makosa manne yaliyobaki. Akanisikiliza vizuri tu. Kisha akasema, "Mzee, manne wasomaji watayavumilia." Dada, hilo neno nalisikia mpaka leo. Miaka ishirini na sita nilidhani kazi yangu ni wasomaji wasivumilie kitu.

Nilitaka kumwambia mke wangu jioni ile. Nikakuta ana wageni, ameshusha vitabu vya kabatini, anawaonyesha: "Hiki kasahihisha mume wangu, na hiki, na hiki." Nikasema nitamwambia kesho. Jumatatu nikaoga, nikavaa, nikabeba mkoba, nikatoka saa moja na nusu kama kawaida. Niende wapi? Dukani watu wananijua. Maktaba inafunguliwa saa nne. Nikafuata mto, kwa sababu kando ya mto hakuna anayekuuliza unangoja nini. Barua yako ya ndege ilipofika nilikuwa huko wiki ya tatu. Nilikucheka ili usijue ulivyonifaa.

Mwisho wa mwezi kiinua mgongo nakikata kidogokidogo naleta nyumbani kama mshahara. Bado kipo. Si hilo linaloniua. Linaloniua ni kufungua mlango jioni na kuulizwa, "Kazi ilikuwaje leo?" nami kujibu, "Imebana." Kila siku, dada. Na mimi ndiye niliyewapiga fimbo ninyi wadogo kwa kudanganya kuhusu sukari mliyolamba!

Nakuomba kitu kimoja. Mwambie wifi yako umesikia kiwanda kimesimamisha kazi za watu binafsi kwa ajili ya ukarabati. Akilisikia kwako ataamini. Harusi ipite tu. Baada ya harusi nitamwambia, naapa.

Kaka yako


22 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo. Goti halijambo, niache na goti.

Nimelia. Nimelia kwanza kwa huruma, kisha kwa hasira, kisha nikachemsha chai na kulia tena. Kijana gani huyo wa kumwambia kaka yangu makosa manne yatavumiliwa? Ningekuwa karibu ningemshonea suruali yenye makosa manne, aone kama atavumilia.

Lakini sitamwambia wifi hilo la ukarabati. Usiniombe tena. Unakumbuka nilipoachwa? Nilikaa miezi mitatu nikiwaambia wote kwamba mume wangu kasafiri kikazi. Wewe ulikuja bila taarifa, ukaona viatu vyake havipo mlangoni, ukaosha vyombo. Kisha ukasema, "Unamlinda nani?" Sasa nakuuliza wewe: unamlinda nani? Wifi si mgeni wa kuonyeshwa vitabu. Ni mkeo.

Unasema baada ya harusi. Kaka, utasimama ukumbini, watu wanakupongeza, yeye pembeni anawaambia unavyofanya kazi pale, na wewe unatabasamu. Siku utakayomwambia, hiyo harusi yote itageuka uongo kichwani mwake. Utakuwa umemnyang'anya.

Na muda huna. Orodha ya wageni imekamilika. Ameniambia anakwenda kiwandani Ijumaa, tarehe 4 Julai, asubuhi. Ameshachagua na nguo. Akifika mapokezi akaambiwa na msichana asiyemjua, mbele ya watu, kwamba mume wake hajaonekana pale tangu Januari, je? Hilo utalisahihisha kwa kalamu gani?

Akinipigia tena kabla ya hapo na akaniuliza, nitasema ukweli. Nakupenda, ndiyo maana nakuambia mapema.

Mdogo wako


8 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Natumaini goti na presha vinasikilizana. Binti anakusalimu, anasema gauni limefika na limemkaa kama ngozi yake. Anaringa nyumba nzima.

Barua yako ilifika Jumamosi. Nikasema Jumapili nitamwambia. Jumapili walikuja wakwe. Jumatatu alikuwa anaumwa kichwa. Jumanne nilifungua mdomo nikaulizia kiberiti. Ikafika Alhamisi jioni, nakuta anapiga pasi gauni lake la kijani, lile la sherehe, anaimba. Nikamwambia, "Kesho usiende kiwandani." Akaniuliza, "Umejuaje?" Nikasema, "Nimejua tu, usiende."

Akaiweka pasi chini. Akasema, taratibu kabisa, "Unanionea haya mbele ya wenzako?"

Dada, hapo ndipo niliposhindwa. Mwanamke aliyesimama na vitabu vyangu mkononi miaka yote, anadhani mimi namwonea haya yeye! Nikaona uongo wangu umeshatoka kwangu, sasa unamla mwenzangu. Nikakaa kitandani nikamwambia yote. Meneja, makosa manne, mkoba, mto. Nikamwambia na wewe umejua kabla yake. Hilo lilimuuma, sitakuficha, mpigie mwenyewe mzungumze.

Nilingoja apige kelele. Ningefurahi apige kelele. Akachomoa pasi, akalikunja gauni. Hakuuliza habari ya kiinua mgongo, hakuuliza watu watasema nini. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Na chakula ninachokufungia kila asubuhi, ulikuwa unakulia wapi?"

Nikamwambia kwenye benchi, karibu na kizuizi cha maji.

"Peke yako?"

Nikasema ndiyo.

"Hata siku za mvua?"

Nikasema siku za mvua nilikuwa nakula nimesimama, chini ya daraja.

Basi hapo akalia. Sijamwona akilia vile tangu mama yake afariki. Alikuwa akinipiga mgongoni kwa ngumi, kidogokidogo, akisema, "Miezi mitano! Miezi mitano unakula peke yako na mimi nipo!" Nami nikalia, nilikuwa sijalia tangu Januari.

Ijumaa niliamka saa kumi na mbili kwa mazoea, nikakumbuka sina haja ya kutoka, nikabaki nimelala natazama dari. Nikasikia vyombo jikoni. Nilipotoka nikamkuta amevaa viatu vya kutembelea, na mezani amefunga chakula cha watu wawili.

Kaka yako